Maine: Sheria ya Nishati Safi Inapofika Kwenye Bili ya Nyumbani

Hakuna jimbo la Marekani linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba joto kama Maine. Takriban nusu ya nyumba zake hukabili baridi kwa kuchoma mafuta hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya jimbo haijawahi kufikiwa na bomba la gesi. Lori huja, mpira huchomekwa ukutani, na mafuta humiminika kwenye tangi lililoko chini ya nyumba. Tangi la kawaida huchukua galoni 275, yaani zaidi ya lita 1,000. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, galoni moja ilipita dola 5. Kujaza tangi mara moja kulitaka zaidi ya dola 1,200, na nyumba kubwa ya zamani hujaza tangi zaidi ya mara moja kabla majira ya baridi hayajaisha.

Asiye na pesa hizo kwa mkupuo hupata shida ya aina nyingine. Wauzaji wengi hawatoi lori kwa oda iliyo chini ya galoni 100. Basi mtu huchukua dumu la galoni 5, akaenda kituo cha mafuta, akanunua dizeli na kuimimina kwenye tangi ili boila, yaani mashine inayochoma mafuta hayo kupasha nyumba joto, isizime usiku ule. Boila haioni tofauti, kwani dizeli na mafuta ya joto yanakaribiana sana. Mfuko ndio unaoona tofauti: bei ya dizeli ya kituoni ina kodi ya barabara ndani yake. Mwenye kipato cha chini hulipa zaidi kwa joto lilelile, na hulipa kidogokidogo, dumu baada ya dumu.

Nimeanzia kwenye dumu hilo kwa makusudi. Sheria za nishati safi husomwa mara nyingi kuanzia juu, kwenye asilimia na miaka ya malengo, na msomaji akamaliza ukurasa bila kujua kama chumba chake kitapata joto kwa bei nafuu zaidi. Miji ya Portland na Lewiston ina wakazi wengi waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na swali hilo kwao ni la kila mwezi kuanzia Novemba hadi Aprili. Kulijibu kunataka kutenganisha sheria kadhaa ambazo watu huziita kwa jina moja.

Nyingi kati ya hizo zilipitishwa mwaka 2019, mwaka wa kwanza wa Gavana Janet Mills madarakani. Inayotajwa zaidi ni ile iliyoamuru kwamba asilimia 80 ya umeme unaouzwa jimboni itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2030, na kuweka lengo la asilimia 100 ifikapo 2050. Mwaka 2025 Bunge la jimbo lilivuta tarehe karibu: asilimia 100 ya umeme safi ifikapo 2040. Sheria ya aina hii haimgusi mwenye nyumba moja kwa moja. Inamgusa muuzaji wa umeme. Kila uniti 1,000 zinazozalishwa na upepo, jua, maji au kuni taka hutolewa cheti, na muuzaji analazimika kununua vyeti vya kutosha kulingana na umeme aliouza. Pesa ya vyeti humpa mwenye mtambo wa upepo sababu ya kuujenga. Ni utaratibu mzuri wa kubadilisha mitambo, lakini hauahidi popote kwamba bili yako itashuka.

Ili kuona kwa nini, tazama bili yenyewe. Ina sehemu mbili. Moja ni ya nguzo na nyaya, inayolipwa kwa kampuni inayosambaza umeme, ambayo kwa wakazi wengi ni Central Maine Power, na upande wa kaskazini na mashariki ni Versant Power. Kampuni hizi hazizalishi umeme. Soko liligawanywa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000, na tangu hapo kazi yao ni kuusafirisha tu. Sehemu ya pili ni ya umeme wenyewe, na kwa mteja ambaye hakuchagua muuzaji mwingine, bei yake hupatikana kwa zabuni inayosimamiwa na Tume ya Huduma za Umma ya jimbo. Sasa, karibu nusu ya umeme unaozalishwa katika ukanda wa New England, yaani Maine na majimbo jirani ya kaskazini-mashariki, hutokana na gesi asilia, na mtambo wa gesi ndio unaopanga bei ya soko zima kwa saa nyingi za mwaka. Gesi ilipopanda duniani, bei ya zabuni kwa wateja wa Central Maine Power ilitoka takriban senti 6 na nusu kwa uniti mwaka 2021 hadi zaidi ya senti 17 mwaka 2023. Malengo ya 2030 yalikuwa yameandikwa tayari. Hayakumkinga mtu.

Sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2019 ilizua ugomvi ambao haujaisha. Ilipanua mpango unaomruhusu mtu kununua sehemu ya umeme wa shamba la sola lililo mbali naye na kupata punguzo kwenye bili yake. Mashamba ya sola yaliongezeka kwa kasi kubwa. Lakini thamani ya punguzo ilifungwa kwenye bei ya rejareja, hivyo bei ya umeme ilipopanda, malipo kwa wamiliki wa mashamba nayo yalipanda, na gharama hiyo ilirudishwa kwa wateja wote kupitia bili. Ofisi ya Wakili wa Umma, ambayo kazi yake ni kutetea wateja, ilikadiria mzigo huo kuwa zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka. Bunge limepunguza mpango huo mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2023 na 2025. Mimi naamini sola ilistahili kusaidiwa. Tatizo lilikuwa kuchukua pesa hizo kwenye bili ya umeme, kwa sababu bili haimuulizi mtu kipato chake. Mjane anayelipia mwanga na friji huchangia kwa kiwango kilekile cha kila uniti kama mwenye jumba la ufukweni.

Sheria iliyobadilisha maisha ya ndani ya nyumba kuliko zote haikuwa na kelele nyingi. Nayo ni ya 2019, na lengo lake lilikuwa moja: kufunga pampu za joto 100,000 mpya ifikapo 2025. Kazi hiyo ilikabidhiwa Efficiency Maine Trust, taasisi huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Lengo lilifikiwa mwaka 2023, miaka miwili kabla ya wakati, na gavana akatangaza jingine: pampu 175,000 zaidi ifikapo 2027. Kwa jimbo lenye watu wapatao milioni 1.4, idadi hizo si ndogo.

Pampu ya joto haizalishi joto, inalihamisha. Friji ya jikoni hunyonya joto la ndani na kulitoa mgongoni, ndiyo maana nyuma yake huwa na joto. Pampu hufanya hivyohivyo, ila sehemu inayonyonya imewekwa nje ya nyumba na inayotoa iko ndani. Hewa ya nje inayotuganda sisi bado ina joto ambalo kimiminika maalumu kwenye mabomba yake kinaweza kulichukua, kwa kuwa chenyewe kimepoa zaidi ya hewa hiyo. Pampu zilizotengenezwa kwa nchi za baridi hufanya kazi hata nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, ingawa kwa nguvu iliyopungua. Faida iko hapa: kwa uniti moja ya umeme inayotumika, pampu nzuri huleta ndani uniti 2 na nusu hadi 3 za joto kwa wastani wa majira. Hita ya kawaida ya umeme ukutani hutoa uniti moja ya joto kwa kila uniti ya umeme, basi.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo matangazo ya pande zote mbili hupotosha. Galoni moja ya mafuta, ikichomwa kwenye boila isiyo mpya sana, huipa nyumba joto la takriban uniti 35. Pampu ya wastani italeta joto hilohilo kwa kutumia uniti 13 za umeme. Tuseme uniti inauzwa senti 27: hiyo ni dola 3 na nusu. Kwa hiyo mafuta yakiwa dola 5, pampu inakuokolea dola moja na nusu kwa kila galoni ambayo hukuichoma. Mafuta yakiwa dola 3, pampu inakugharimu zaidi kidogo. Aliyekuwa akitumia hita za umeme ukutani anashinda kwa vyovyote, maana joto lilelile lilimtoka kwa zaidi ya dola 9. Anashinda pia, mara nyingi, mkazi wa nyumba ya trela. Tangi lake liko nje, na mafuta ya kawaida ya joto huganda kwenye baridi kali, kwa hiyo analazimika kutumia mafuta ya taa, ambayo ni ghali zaidi.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini sheria hizi haziwezi kusomwa moja moja. Kila senti inayoongezwa kwenye uniti ya umeme huongeza senti 13 kwenye gharama ya joto linalolingana na galoni moja. Ukimhamisha mtu kutoka mafuta kwenda umeme, halafu ukamrundikia kwenye bili ya umeme gharama za kila mradi wa jimbo, umemvuta kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine.

Pesa za kununulia pampu hizi zinatoka wapi? Sehemu hutoka kwa wateja wenyewe, kwa tozo iliyo ndani ya bei ya umeme. Sehemu hutoka kwenye mpango wa majimbo ya kaskazini-mashariki, ulioanza 2009, ambapo mitambo mikubwa ya umeme hununua vibali kwa kila tani ya kaboni inayotoa. Nyingine hutoka serikali kuu, na nyingine hulipwa na soko la umeme la ukanda, kwa sababu uniti ambayo haitumiki huipunguzia gridi haja ya mtambo mpya. Mchanganyiko huu unaipa Efficiency Maine uhai hata chanzo kimoja kikiyumba, na vyanzo vimeyumba kweli. Mwaka 2013 Bunge liliweka ukomo wa tozo hiyo kuwa asilimia 4 ya mauzo ya umeme pamoja na ya usafirishaji na usambazaji wake. Katika uandishi wa mwisho wa sheria neno moja la kuunganisha lilidondoka, na maandishi yakasomeka kana kwamba asilimia hiyo ni ya usafirishaji na usambazaji peke yake. Mwaka 2015 Tume ya Huduma za Umma, kwa kura 2 dhidi ya 1, iliamua kufuata herufi. Ukomo ukaporomoka kutoka karibu dola milioni 59 hadi karibu milioni 22 kwa mwaka. Wabunge wengi waliokuwepo walijua kilichokusudiwa. Ilibidi Bunge lipitishe marekebisho na kuishinda kura ya turufu ya Gavana Paul LePage ndipo fedha zikarudi. Ukitaka kujua kama jimbo lina nia ya dhati na nishati safi, acha ibara ya malengo. Nenda kwenye ibara ya fedha, na uisome hadi kwenye viunganishi.

Katika kugawa fedha hizo, Maine ilifanya jambo ambalo majimbo mengine yangeweza kuiga. Kwa masharti yaliyoanza 2023, aliyebadilisha mfumo wa nyumba nzima kwenda pampu za joto alirejeshewa sehemu ya gharama kulingana na kipato. Mwenye kipato cha chini alipata asilimia 80, isiyozidi dola 8,000. Wa kati alipata asilimia 60, hadi 6,000. Yeyote yule alipata asilimia 40, hadi 4,000. Viwango hivyohivyo vilikuwepo kwa kazi ya kuziba nyufa za nyumba na kuihami, yaani kuikinga isipoteze joto. Na mtu hahitaji kuanza upya kuthibitisha umaskini wake: kaya ambayo tayari inapata msaada wa chakula, bima ya afya ya MaineCare au msaada wa mafuta ya baridi unaosimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, huingia kundi la juu la msaada. Asiyewahi kujaza fomu zilezile katika ofisi tatu tofauti, kwa lugha ambayo bado anajifunza, huenda asione uzito wa kifungu hicho.

Linganisha na nafuu ya serikali kuu. Sheria ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 30 ya gharama, hadi dola 2,000 kwa pampu na 1,200 kwa kuhami nyumba dhidi ya baridi, lakini kwa njia ya kupunguza kodi ya mapato unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi hakuambulia chochote. Nafuu yenyewe ilifutwa kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, na mwisho wake ulikuwa Desemba 31 mwaka huo. Kwa tabaka la kati hilo ni pigo. Kwa familia za kipato cha chini za Lewiston, kilichoondoka kilikuwa hakijawahi kuwafikia.

Hata asilimia 80 huacha pengo. Kazi ya dola 10,000 inamwachia mtu 2,000 za kutafuta. Ndiyo maana ule mpango wa zamani wa serikali kuu wa kuhami nyumba za wenye kipato cha chini, ulioanzishwa 1976 na kuendeshwa na mashirika ya jamii ya maeneo mbalimbali, bado una umuhimu: mwenye nyumba halipi. Anachokilipa ni muda, maana foleni ni ndefu.

Na kazi hiyo ya kuhami ndiyo inayostahili kutangulia. Fundi akija, hufunga mlango wa mbele kwa turubai lenye feni kubwa katikati, kisha feni inavuta hewa ya ndani kuitoa nje. Nyumba ikiwa na shinikizo dogo namna hiyo, kila ufa unaanza kuvuta. Weka mkono kwenye soketi ya umeme iliyo kwenye ukuta wa nje, utahisi ubaridi kwenye vidole. Panda hadi kifuniko cha darini, upepo unapiga kingo zake zote. Shuka chini, pale mbao za sakafu zinapokaa juu ya ukuta wa msingi, na moshi mwepesi wa kupimia unakimbilia ndani kwa mstari. Fundi huziba nyufa hizo kwa povu na gundi, kisha hupuliza darini tabaka nene la nyuzi za karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Hakuna mashine inayong'aa ya kuonyesha wageni baada ya hapo. Lakini nyumba inahitaji pampu ndogo zaidi, inatumia uniti chache zaidi, na umeme ukikatika usiku wa Februari inachelewa kupoa. Ningekuwa na kura, ningeipa kazi hii fedha kabla ya pampu.

Yote haya yanamhusu mwenye nyumba. Mpangaji yuko wapi? Hapa ndipo sheria za Maine zinapopungukiwa, na hapa ndipo wahamiaji wengi wanapoishi: ghorofa za mbao za zamani za Lewiston na Portland. Mwenye jengo ndiye mwenye haki ya kutoboa ukuta, na mpangaji ndiye anayelipa gharama ya ukuta unaovuja. Mmoja hana sababu ya kutumia pesa, mwingine hana mamlaka. Kuna hali mbaya zaidi ambayo watu huitambua wakiwa wamechelewa. Nyumba nyingi za kupanga zilikuwa na joto ndani ya kodi ya pango, kwa sababu boila moja ya mafuta ilihudumia jengo zima. Mwenye jengo akifunga pampu kila nyumba na kuziunganisha kwenye mita ya mpangaji, gharama ya joto imehama kutoka kwake kwenda kwa mpangaji, hata kama kodi haikushuka senti. Takwimu za jimbo zitahesabu pampu hizo kama ushindi.

Sheria inampa mpangaji vitu viwili vya kushika. Mwenye nyumba aliyekubali kutoa joto lazima awe na mfumo unaoweza kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa 29 chini ya sifuri. Na kama mpangaji ndiye atakayelipia nishati, mwenye nyumba anatakiwa kumpa kabla ya mkataba fomu inayoeleza hali ya nyumba: ina vihami darini na ukutani au haina, madirisha ni ya aina gani, mfumo wa joto ukoje. Iombe kabla ya kusaini, na uliza mita ya pampu ni ya nani. Udhaifu wa fomu hiyo ni kwamba inataka ukweli usemwe tu. Nyumba inayovuja inaweza kupangishwa kihalali ilimradi imeandikwa kuwa inavuja, na mwenye watoto wanne anayetafuta pa kulala hana nafasi ya kuchaguachagua.

Burlington, mji mkubwa kuliko yote wa Vermont, ulikwenda mbali zaidi mwaka 2021: nyumba ya kupanga inayokula nishati ya joto kupita kiwango kilichowekwa kwa kila futi ya mraba lazima ihamiwe dhidi ya baridi, apende mwenyewe asipende. Uingereza imekataza tangu 2018 kuandika mkataba mpya wa upangaji kwa nyumba nyingi zenye alama mbili za mwisho za ufanisi wa nishati. Baridi ya Burlington na ya Lewiston ni moja, na majengo yake ya zamani yanafanana. Maine ina taasisi, ina mafundi, ina fedha zinazotolewa kwa kupima kipato. Kinachokosekana ni kifungu kinachosema kwamba mwenye jengo anayepokea fedha za umma kufunga pampu haruhusiwi kuhamisha bili kwa mpangaji bila kupunguza kodi, na kwamba nyumba isiyohamiwa haipangishwi. Kifungu cha namna hiyo hakihitaji mtambo mpya wala waya mpya. Kinahitaji wabunge wa Augusta, mji mkuu wa jimbo, wakubali kwamba mpangaji naye ana bili.